Je, Kabwela Aliweza Kuwa Mtemi?

Hivi karibuni nilipata bahati ya kuitembelea shule yetu baada ya miaka mingi. Nilivuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, pale ambapo sisi tulizoea kupanga foleni ya kivuko, mabegi kichwani, tukihofia kufika shuleni usiku na kuandikwa majina. Siku hizi ni dakika chache tu na mtu yuko ng'ambo.

Jioni niliwakuta vijana wanne wa kidato cha tatu wamekaa chini ya mti, wana dadu mbili na daftari moja lililochorwa ramani. Nilidhani wanacheza kamari, nikawakaribia kwa sura ya kiranja. Wakasimama, wakanipa shikamoo, wakanieleza. Ulikuwa mchezo wa kujifanya watu wa Ulaya ya Zama za Kati. Mmoja ni askari, mmoja mganga, mmoja mwizi, na wa nne ni mtoto wa mkulima asiye na kitu. Dadu ndizo zinazoamua nani ameshinda vita na nani ameanguka. Ubishi wao ulikuwa huu: mtoto wa mkulima alikwisha kumwua dubwana lililokuwa likiisumbua nchi, naye alitaka mfalme ampe ngome, ardhi na jina la kibwana. Msimulizi wa mchezo alikataa. Alisema kabwela ni kabwela, hata akiua madubwana kumi.

Mmoja akaniuliza, "Mzee, wewe umesoma historia. Kweli ilikuwa inawezekana?"

Nilijibu kwa kifupi kwamba iliwezekana, nikaondoka. Lakini njia nzima ya kurudi nilijiona nimemjibu ovyo. Swali lile lilistahili jibu kamili, na wala halikuhitaji kujibiwa kwa mifano ya Ulaya peke yake. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu.

JIBU LA ULAYA

Tuanze na Ulaya kwa kuwa mchezo wao unaanzia huko. Jeanne d'Arc alizaliwa karibu na mwaka 1412 katika kijiji cha Domrémy, Ufaransa, katika nyumba ya wakulima. Mei 1429 alikuwa pamoja na jeshi lililouokoa mji wa Orléans kutoka mikononi mwa Waingereza, na Julai mwaka huohuo alisimama karibu na Charles VII alipotawazwa mjini Reims. Desemba 1429 mfalme alitoa hati ya kumpandisha yeye na jamaa zake kuwa watu wa ukoo wa kibwana. Basi, kijana wangu, hilo ndilo jibu la kwanza: mtoto wa mkulima alipandishwa, na hati ikaandikwa.

Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 1430 alitekwa, na tarehe 30 Mei 1431 alichomwa moto mjini Rouen. Hati ya mfalme haikumwokoa. Waliofaidi cheo ni ndugu zake na vizazi vyao. Shujaa alikilipia cheo, jamaa zake wakakirithi. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalikuta tena huku kwetu.

MWINDAJI WA USAMBARA

Katika Tanzania, habari ya shujaa aliyepewa nchi inayojulikana zaidi ni ile ya Mbegha, ambayo Abdallah bin Hemedi aliiandika kwa Kiswahili katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Mbegha alitoka Ngulu. Alikuwa kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, na watu wa zamani waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo huleta balaa. Jamaa zake wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake wa kuwindia, hana ardhi wala ukoo wa kumtetea.

Alipofika milima ya Usambara aliwakuta watu wanaosumbuliwa na nguruwe mashambani. Akawaua nguruwe, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Wakaanza kumpelekea mashauri yao awaamue. Masimulizi yanasema kwamba huko Vuga aliua simba, watu wakamwita Simba Mwene, na jina hilo likabaki kuwa la wafalme wa Usambara.

Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani cha habari hii kilitokea kweli na kiasi gani ni hadithi. Mimi naona somo lake liko wazi kwa vyovyote. Wasambaa walipojieleza jinsi walivyopata mfalme, hawakusema alishuka kutoka mbinguni. Walisema alikuwa mgeni aliyekataliwa kwao, akatawala kwa sababu aliwafaa watu. Aliwalisha, akawalinda, akawapatanisha.

Sasa sikiliza sehemu ya pili. Mbegha alioa wake katika sehemu mbalimbali za nchi, na watoto wake wakawa watawala kwa wajomba zao. Baada ya vizazi vichache, mtu hakuulizwa tena kama ameua simba. Aliulizwa kama ni Mkilindi. Kazi ya mkono ikawa kazi ya damu. Alipokufa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, wana na wajukuu waligombana, nchi ikachafuka, na Wabondei wakaasi na kuwafukuza Wakilindi kwao. Ukoo ulioingia kwa kugawa nyama ukafukuzwa kwa kunyang'anya.

HUKU KWETU ZIWANI

Sisi wa Sengerema tumekulia katika nchi ya Uzinza, na wengi wetu ni watoto wa Wasukuma waliohamia kutafuta mashamba na malisho. Kwa hiyo tunazo mila mbili za kuziangalia.

Watawala wa Uzinza walijihesabu kuwa wa ukoo wa Wahinda, ukoo uliotawala pia Karagwe na Nkore. Babu yao wanamwita Ruhinda. Hapana shaka kwamba Wahinda walijiona ni watu wa juu kabisa. Lakini masimulizi ya Nkore yenyewe yanasema kwamba mama yake Ruhinda alikuwa mjakazi katika nyumba ya mfalme Wamara. Ukifukua mizizi ya ukoo wa kibwana, mara nyingi utamkuta chini yake mtu aliyekuwa akichota maji.

Kwa Wasukuma mambo yalikuwa ya ajabu zaidi, na vijana wetu wengi hawayajui. Neno ntemi linatokana na kutema, yaani kukata. Wapo wanaosema ni kukata pori, kwa maana ya mtu aliyetangulia kufyeka na kufungua nchi, na wapo wanaosema ni kukata mashauri. Vyovyote iwavyo, cheo kimepata jina lake kutokana na kazi.

Tena, kwa desturi ya zamani, mtoto wa kiume wa ntemi hakumrithi baba yake. Aliyerithi alikuwa mtoto wa dada yake ntemi, na wazee wa baraza, banang'oma, ndio waliochagua nani anafaa. Wakoloni waliikuta desturi hiyo, na katika wakati wao urithi wa baba kwa mwana ukashika nafasi. Hapo kale mwana wa ntemi alipata kusimamia kijiji, na ndiyo asili ya neno mwanangwa, yaani mtoto wa mtawala. Akazaa watoto, nao wakazaa, mpaka wajukuu wakashika jembe sawa na wenzao. Kwa maneno mengine, Usukuma ulikuwa na ngazi ya kushuka iliyokuwa wazi kuliko ya kupanda. Na ntemi mwenyewe hakuwa salama. Mvua ikikosekana na njaa ikiingia, watu waliweza kumwondoa.

Je, kabwela alipata nini? Alipata ukubwa wa namna yake. Kila kijiji kilikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana, aliyechaguliwa na wenzake kwa akili, nguvu na ulimi wake. Yeye ndiye aliyeita watu kulima kwa pamoja, na ndiye aliyemtoza faini mvivu. Ntemi alikuwa na ngoma na mvua, nsumba ntale alikuwa na watu. Kijana wa daftari angesema kwamba huko si kupanda cheo. Namwomba afikiri tena.

ASKARI NA MAKATIBU

Karne ya 19 ilileta bunduki, pembe za ndovu na misafara ya biashara, na ngazi zikaongezeka. Mirambo wa Uyowa, aliyekufa Desemba 1884, hakuwa kabwela, maana baba yake alikuwa mtemi. Lakini utemi ule ulikuwa mdogo. Dola kubwa aliijenga kwa rugaruga, ambao wengi wao walikuwa vijana wasio na kwao: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, watu walioziacha koo zao. Katika jeshi lile hakuna aliyeulizwa babu yake ni nani.

Mwenzake, Nyungu ya Mawe, aliyekufa mwezi huohuo wa Desemba 1884, alikwenda mbele zaidi. Nchi alizozishinda aliziweka chini ya vatwale, wasimamizi aliowachagua mwenyewe na aliyeweza kuwaondoa. Sisi watumishi wa serikali tukisoma habari za vatwale tunajikuta tunatabasamu, kwa sababu tunaujua uhamisho.

Hata hivyo mfano mkubwa kuliko yote uko kaskazini ya ziwa letu. Katika Buganda hapakuwa na tabaka la mabwana wa kuzaliwa kama la Ulaya. Kabaka alimchagua mtu wa kawaida, mkopi, akampa ukubwa wa jimbo. Wazazi walipeleka watoto wao ikulu kutumika, wakitumaini kwamba mtoto atapendwa na kupanda. Mmoja wa watoto hao alikuwa Apolo Kagwa. Alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, toka mwaka 1889 hadi 1926. Mwaka 1897 mtoto Daudi Chwa alipowekwa kuwa Kabaka akiwa na umri wa mwaka mmoja, Kagwa alikuwa mmoja wa walezi watatu walioitawala nchi kwa niaba yake. Mwaka 1902 alikwenda London kwenye sherehe za kutawazwa kwa Edward VII, na baadaye Waingereza wakampa cheo cha Sir. Basi hapo tumempata kabwela aliyepewa ubwana wa kizungu hasa, kama katika mchezo wa vijana wetu.

Semei Kakungulu alitaka zaidi. Alikuja Buganda kutoka Koki, akawa mwindaji wa tembo, kisha jemadari hodari. Mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata Kabaka Mwanga na Kabalega wa Bunyoro. Baadaye akaiteka nchi ya mashariki iliyoitwa Bukedi, akajenga ngome, akapanda migomba, akaamini kwamba Waingereza watamtambua kuwa Kabaka wa huko. Hawakumtambua. Walimpokonya madaraka, kisha mwaka 1906 wakamweka kuwa mkuu wa Busoga kwa jina la Rais, na mwaka 1913 wakamwondoa. Alikufa mwaka 1928. Ushujaa ulimfikisha mlangoni mwa ufalme, na hapo akamkuta mwenye ufunguo.

Tofauti ya watu hawa wawili inatufundisha. Kagwa alipanda ndani ya nyumba iliyokuwapo. Kakungulu alitaka kujenga yake, na hapakuwa na watu wa kusema kwamba nyumba hiyo ni halali.

Lakini nini kilifuata kwa waliofanikiwa? Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 ulitenga maili za mraba 8,000 zigawiwe machifu na wenye ardhi wapatao 1,000. Ukubwa ambao jana Kabaka aliweza kuutoa na kuutwaa, leo ukawa shamba la kurithiwa. Waliopanda kwa utumishi wakawa wenye nchi, na mkulima akajikuta mpangaji katika kihamba cha babu zake. Malalamiko yalikuwa makubwa hata mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabidi sheria iwekwe ya kupunguza kodi na malipo ambayo wenye ardhi waliwatoza wakulima. Kwa mara nyingine tunaona kwamba mtu alipanda ngazi, akafika juu, akaivuta.

MIZANI YA PAMBA

Wazazi na mabibi zetu waliona mwisho wa jambo hili kwa macho yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Kijana mmoja aliyezaliwa mwaka 1925, Paul Bomani, mtoto wa mhubiri wa Kisabato, aliyekuwa amefanya kazi ya ukarani, alikuwa kiongozi wa harakati za kuunda vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Victoria Federation, ambayo ilikuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Bomani hakuwa mtemi. Watu walimfuata kwa sababu ya kilo zao za pamba, na baadaye alikuwa waziri.

Mwaka 1958 mambo yalifika nyumbani kabisa. Wakati huo Sengerema ilikuwa sehemu ya wilaya ya Geita. Serikali ya kikoloni iliunda huko baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, watemi wakiwa ndani yake. Wananchi hawakuulizwa, wakalikataa. Mamia walikwenda Mwanza kudai kusikilizwa, wakapigwa mabomu ya machozi, lakini hawakulegea, na mwishowe ni serikali iliyorudi nyuma. Watemi wengi walijikuta wamesimama upande mmoja na watu wao wamesimama upande wa pili. Mtawala aliyewahi kuondolewa kwa sababu ya ukame, sasa aliachwa kwa sababu ya kutosikia.

Mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ikiwa chini ya Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa mtemi Burito wa Wazanaki, utawala wa machifu ulifutwa. Ngazi ya damu ikaondolewa. Swali la kijana wetu likabadilika: si tena kama kabwela anaweza kuwa mtemi, bali ni ngazi gani iliyowekwa mahali pake.

NGAZI YETU

Sote tunaijua ngazi hiyo. Ni shule. Mwaka 1925 Waingereza walipofungua shule ya Tabora, waliikusudia kwa ajili ya watoto wa machifu. Sisi hatukuulizwa baba zetu ni nani. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba na mihogo. Nililetwa shuleni na sanduku la bati, godoro la kuazima na jembe, maana jembe lilikuwa katika orodha ya vifaa. Nikatoka hapo hadi Chuo Kikuu, na leo nina ofisi yenye mlango na mtu wa kunipigia chapa barua zangu. Mababu zangu wangeniita mwanangwa.

Kwa hiyo natakiwa kusema jambo moja ambalo si la kujivunia. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, tulihitaji vijana wa kazi za muda. Mtu mmoja niliyesoma naye alinipigia simu usiku. Akaniambia, "Ndugu yangu, mtoto wangu yupo tu nyumbani, na wewe upo hapo." Nikaliandika jina la mtoto wake. Ili liingie, ilibidi jingine litoke. Nililikata la kijana mmoja ambaye alama zake zilikuwa nzuri kuliko za wengi, na ambaye hakuwa na mtu wa kupiga simu. Baadaye nilipolitazama faili lake niliona shule aliyosoma. Ilikuwa hii yetu.

Sikuwa nimefanya jambo geni. Nilifanya walilofanya Wakilindi na machifu wenye mashamba wa Buganda, isipokuwa mimi nilitumia kalamu. Tukikutana kwenye karamu za wahitimu tunapongezana kwamba tumetoka mbali, na ni kweli. Lakini ukisikiliza mazungumzo ya pembeni utasikia namba za simu zinabadilishwana kwa ajili ya watoto wetu, wala si kwa ajili ya watoto wanaolala katika mabweni tuliyolala sisi.

Napendekeza basi, na Kamati ya mkutano ilipokee kama hoja: kila mmoja wetu mwenye nafasi ya kujua kazi, mafunzo au udhamini unaotangazwa hadharani, alete tangazo hilo shuleni libandikwe ubaoni, wanafunzi wote walisome siku ile ile watoto wetu wanapolisoma. Hatuombwi kumpendelea mtu. Tunaombwa kuacha kuficha ngazi.

Na wewe kijana wa daftari, jibu langu kamili ni hili. Mwambie msimulizi wenu kwamba amekosea: mtoto wa mkulima anaweza kupewa ngome, historia imeshuhudia. Ila mchezo wenu usiishie pale anapopewa. Urusheni dadu tena mumwone akiwa bwana, amekaa ndani, na nje ya lango amesimama mtoto mwingine wa mkulima, naye ameua dubwana lake. Hapo ndipo mtakapojua kama alikuwa shujaa.